Kuhusu Ile Honi Uliyoniomba

Kiminini, jioni, kuku wakiingia kulala

Simiyu mwanangu,

Salamu sikupi, maana nimekuona sasa hivi ukipita hapa dirishani na ndoo ya maji. Uko mzima, umenenepa kidogo tumboni. Mimi pia mzima. Mama yako mzima, ameniuliza naandika nini, nikamwambia naandikia serikali. Ameguna akarudi jikoni.

Barua hii nitaitia ndani ya kiatu chako cha kulia. Utaipata asubuhi ukivaa, mkeo Nanjala akiwa bado anachemsha chai. Isome hapo hapo, gari la kukupeleka Bungoma kwa hiyo kazi ya lori haliondoki mpaka lijae. Usije kuniuliza maswali. Mimi nikiulizwa swali la maana nageuza mzaha, unanijua. Jana mezani uliniuliza, "Baba, wewe unaonaje, nirudi barabarani ama nisirudi?" nikakujibu ati barabara haijahama, iko tu pale mbele ya kwa Wanyonyi, ukiitaka utaipata. Watoto walicheka sana. Wewe ulicheka kidogo, kisha ukaangalia ugali. Nikajua nimekosea, lakini mdomo ulikuwa umeshatangulia, na mdomo wangu hauna riversi.

Kwa hivyo jibu liko hapa. Uvumilie mwandiko. Mimi niliacha shule darasa la nne, na si ati karo ilikosekana, hiyo ni hadithi niliyowapa mlipokuwa wadogo ndio mwogope. Siku moja lori lilileta mawe ya kujengea darasa la tano. Walipomaliza kushusha, nilipanda nyuma nikaenda nalo. Darasa la tano lilijengwa, nasikia ni zuri. Mimi sijaliona.

Mambo ya kila siku sitayataja. Kupima mafuta na maji, kukaza nati, kukata matawi na kuyaweka barabarani gari likiharibika, hayo unayajua. Uliendesha miaka mizuri kabla ya kwenda kuvaa tai kwa ile ghala ya Bungoma. Wanawake wa Malaba nao sitawataja, maana mama yako anaweza kuipata hii barua kabla yako.

Kwanza tuongee juu ya kufutwa kazi, kwa sababu tangu wafunge ghala naona unatembea hapa nyumbani kama mtu aliyeiba. Unaamka mapema kuliko jogoo, unashika jembe hata mahali hakuna magugu. Bana, kaa chini. Hukufanya kosa. Mwenye ghala aliuza, mnunuzi akaja na watu wake, basi.

Na mimi nilifutwa, wewe ukiwa bado hujazaliwa. Tajiri wangu wa kwanza aliuza malori yake yote, akatuambia tuje tuchukue viatu vyetu vilivyobaki garini. Unajua nilifanya nini? Sikumwambia mama yako. Kila asubuhi nilivaa shati safi, nikapaka viatu rangi, nikapanda baiskeli mpaka Kitale. Nikifika naenda kukaa Kipsongo kwa mzee mmoja aliyekuwa akiziba sufuria. Nilikuwa nampepea makaa. Jioni narudi nyumbani nalalamika ati barabara ya Eldoret imeharibika, ati madereva wa siku hizi hawana adabu. Mama yako ananiandalia chakula, ananionea huruma.

Siku moja nikiwa pale napepea, nikainua kichwa, namuona mama yako amesimama na sufuria yetu iliyotoboka. Nilitamani kuingia kwa makaa. Yeye alimpa yule mzee sufuria, akasema, "Fundi, huyu kijana wako anajua kazi? Maana anafanana na mtu fulani mwongo ninayemfahamu."

Mzee wa watu akajibu, "Anajifunza, mama. Pole pole."

"Muangalie sana," akasema, akaenda zake sokoni.

Jioni nikala chakula kilichopikwa kwa hiyo sufuria, na hakuna aliyeuliza habari ya barabara ya Eldoret. Wewe ulikuja ukatuambia siku ile ile waliyofunga. Hapo umenishinda, na ni lazima niseme kwa maandishi kwa sababu kwa mdomo sitasema.

Sasa, honi.

Uliniomba ile honi inayoning'inia stoo, juu ya pipa la mahindi. Ulisema ukichukua lori la huyu tajiri wa Bungoma utaifunga, ndio ukifika pale njia panda uipige, watoto wako wajue baba amekuja, vile ninyi mlivyokuwa mnajua. Ulisema hivyo ukicheka, macho yako yakiwa ya mtoto. Nikakuambia nitaangalia.

Simiyu, umesahau. Au umekumbuka nusu. Ngoja nikupe ile nusu nyingine.

Unajua nilivyokuwa nafanya. Nikitoka Mombasa na chumvi ama Nakuru na mbolea, nikifika njia panda yetu, kabla sijashusha gia, naivuta ile kamba. Moja ndefu, mbili fupi. Kijiji kizima kilikuwa kinajua kwamba mimi nimerudi. Nilikuwa nafikiri hayo ndiyo mapenzi. Nafikiri huko nyumbani wanaruka ruka. Na kweli, nikifika napata maji ya kuoga yamechemka, kuku ameshachinjwa, na ninyi mmepakwa mafuta mpaka mnang'aa kama viazi vilivyooshwa, mmesimama kwa mstari. "Karibu baba." "Asante." Mnanipa mkono mmoja mmoja. Chai inakuja kwa kikombe cha maua. Namuuliza mama yako habari za hapa, ananiambia kila kitu ni sawa. Nalala, naamka, napanda lori naenda, nikijisifu njiani kwamba nina nyumba yenye nidhamu kuliko kambi ya jeshi.

Ile siku ninayotaka kukuambia, wewe ulikuwa unang'oka meno ya mbele. Mvua ilikuwa imenyesha tangu Turbo. Huko nyuma, mpira wa kupeleka hewa kwa honi ulikuwa umekatika, nikaufunga kwa kipande cha tyubu ndio breki zisikose hewa, na honi ikawa bubu. Nilifika njia panda nikavuta kamba kwa mazoea. Kimya. Na ile njia ya kuingia kwetu ilikuwa uji mtupu, ningeingiza lori mngelichimbua kama kiazi. Nikaliacha barabarani, nikavua viatu, nikaja kwa miguu.

Nikiwa nje nilisikia kicheko. Si kicheko cha mtu mmoja, nyumba nzima. Nilifikiri nimekosea boma. Nikasukuma mlango polepole.

Ulikuwa umekaa kwa kiti changu. Umevaa kofia yangu kuukuu, imekuingia mpaka masikioni, umeshika kifuniko cha sufuria kama usukani. Ukapiga honi kwa mdomo, "Pooooo! Po! Po!" Mama yako, mtu mzima, na dada yako mchanga mgongoni, akaruka akasimama kwa mstari mikono imenyooka kama askari. Ukakohoa ile kukohoa yangu. Ukasema kwa sauti nene, "Chai iko wapi? Nairobi ni mbali! Nani amegusa kiti changu?" Na pale kando ya moto, kukhu wako, mama ya mama yako, alikuwa amejishika mbavu, machozi yanamtoka kwa kucheka.

Nilitaka kucheka na mimi. Kweli. Ulikuwa umenipata kabisa, hata ile ya kujikuna shingo. Lakini kukhu wako aliniona.

Unajua kwetu mtu na mama mkwe wake wanaogopana. Hamshikani mikono, hamli pamoja, hamkai chini ya paa moja. Ukimuona anakuja kwa njia, unaingia kwa mahindi mpaka apite. Si chuki, ni heshima. Wazee waliona kwamba mkikaa kiti kimoja mtakumbuka yeye ndiye alimzaa huyo unayelala naye, na kila mtu ataona haya. Basi kwa miaka yote hiyo mimi nilijua mama mkwe wangu anakaa kwake Kamukuywa, anatulia. Kumbe nikitoka tu, yeye anaingia. Anakaa wiki nzima kwangu, anawapikia, anawapa hadithi. Honi ikilia njia panda, anachukua leso yake, anatoka kwa mlango wa nyuma, anapitia kwa mahindi mpaka njia ya chini. Wakati mimi naingia kwa mbele nikijiona mfalme, ninyi mlikuwa mmetoka kumuaga kwa nyuma. Machozi niliyokuwa nafikiri ni ya furaha ya kuniona, si yangu.

Hiyo siku hakupewa honi. Alijifunika leso kichwani, akakimbilia mlango wa nyuma, akakanyaga ile ngazi ya jikoni iliyokuwa na matope, na sote tukasikia mguu ukivunjika.

Hapo kicheko kiliisha.

Ilikuwa lazima aende hospitali ya misheni, Lugulu, na gari lilikuwa moja tu. Langu. Mimi nilisimama nje kwenye mvua nikiangalia mahindi, mgongo nimewapa, kama mtu anayekadiria mavuno. Jirani Wanyonyi na ndugu zake walimbeba kwa mlango uliong'olewa mpaka barabarani. Kukhu wako akawa anasema, "Niwekeni huko nyuma kwa magunia. Mimi siwezi kukaa na huyo."

Wanyonyi akamwambia, "Mama, huko nyuma kuna mvua na hii barabara ina mashimo. Utafika mguu ukiwa peke yake."

"Basi niache nife na heshima."

Mama yako ndiye alikata maneno. "Mama, wakati wanatengeneza hiyo heshima hakukuwa na malori." Akatoa blanketi kwa kitanda chetu, akalifunga mbele kwa dereva, kutoka juu mpaka chini, kama pazia. Mama mkwe upande ule, mguu umenyooshwa juu ya kiti. Mimi upande huu. Na wewe katikati, juu ya kifuniko cha injini, gunia chini yako ndio usiungue matako. Mama yako hakutosha, na mtoto alikuwa na homa. Akakuambia, "Simiyu, wewe ndiye mdomo wao." Ukajiinua kifua kama chifu.

Hapo ndipo nilijua kwamba kile kioo cha kushoto kiko upande wa mama mkwe. Na nusu ya kioo cha mbele imefunikwa na blanketi. Tumetoka pale nikiendesha kama mtu wa jicho moja, gizagiza na mvua, na kukiangalia kile kioo ilikuwa ni sawa na kumwangalia yeye. Hatujaenda mbali, nasikia sauti nyuma ya pazia. Alikuwa akikuita mume wake, vile bibi zetu wanavyotania wajukuu.

"Mume wangu, mwambie mwenye gari kuna ng'ombe upande huu."

Ukanigeukia. "Baba, ng'ombe."

"Mwambie si mmoja."

"Ni wengi, baba."

Nikakanyaga breki. Wakapita. Nikasema, "Mwambie nimeshukuru sana kwa kuniokoa."

Ukamwambia, "Kukhu, amesema sawa."

Mwanangu, ulikuwa tarishi mbaya! Kila neno ulilikata nusu. Blanketi ni kitu gani? Mimi nilikuwa nasikia kila kitu anachosema, yeye anasikia kila kitu ninachosema, lakini kwa heshima tulikuwa tunangoja mpaka wewe ulete. Akasema, "Mwambie apunguze. Mimi si gunia." Nikasema, "Mwambie hii ndiyo polepole ya lori." Akasema, "Mwambie hiyo polepole yao itanitoa roho, na nikifa nitakuja kukaa kwa kiti chake cha dereva." Wewe ukafikiri kidogo, ukanigeukia ukasema, "Baba, amesema asante."

Niling'ata mdomo nisicheke. Nasikia huko nyuma ya pazia na yeye amejiziba na leso.

Akawa ndiye kioo changu cha kushoto. Kuna baiskeli. Kuna shimo. Kuna mtu amelewa, mwambie ni yule wa kwa fulani, asimgonge ingawa ni sawa tu. Tukateremka pale Kamukuywa, darajani, na hapo akaacha kutaja mashimo. Nafikiri mguu ulikuwa unamuuma. Nilishusha gia, lori likawa linanguruma taratibu, na nikasikia anasema kwa sauti ya chini, bila utani:

"Mume wangu. Mwambie mwenye gari, hiyo honi yake ikilia, watoto wake wanaacha kucheka."

Nilingoja. Wewe hukunigeukia. Ulikuwa umekaa juu ya gunia lako ukiangalia mbele, ile mvua kwenye taa, kama mtu aliyeona kitu muhimu sana barabarani.

"Umemwambia?" akauliza.

"Nimemwambia, kukhu."

"Amesema nini?"

Ukakaa. Ukafikiri. "Amesema amesikia."

Na kweli nilikuwa nimesikia, Simiyu. Nimekaa na hiyo kitu miaka yote hii bila kukuambia. Ulikuwa mtoto mdogo, umejaa mapengo mdomoni, na ulinifichia ukweli ndio usiniumize. Nilikuwa nakuogopa kidogo tangu siku hiyo.

Lugulu tulifika. Wakamtoa kwa machela, mimi nikaangalia ukuta. Nesi akaja na karatasi akaniuliza, "Wewe ni nani wake?" Nikafikiria majibu yote. Nikasema, "Mimi ni dereva." Akaandika. Ilikuwa kweli kabisa, na ilinichoma.

Mguu ulifungwa plasta ukapona, unakumbuka alivyokuwa akiutumia kupima mvua baadaye. Wazee walisema nimekosa, lazima nipeleke mbuzi na blanketi jipya ndio hayo mambo yasafishwe. Nilipeleka. Mbuzi, kukhu wako alimchukua. Blanketi jipya alilirudisha, akasema anataka lile la pazia, lenye harufu ya dizeli. Alijifunika hilo mpaka alipotuacha.

Nisikudanganye ati niliacha kuendesha. Niliendelea miaka mingine mingi, watu wanakula. Lakini wiki ile ile nilipanda juu ya lori na spana nikaitoa honi kubwa, nikabaki na ile ndogo ya kufukuza kondoo. Lori nikawa naliacha kwa Wanyonyi, nakuja kwa miguu.

Mwanzo ilikuwa mbaya. Mliruka kama kuku walioona mwewe. Nilikuja nikapata hakuna chai. Nilikuja nikapata mama yako amekasirika na mimi juu ya jambo la mwezi uliopita, na hakupata nafasi ya kulikunja na kuliweka chini ya kitanda. Nilikuja nikapata umechapwa na mwalimu, unaficha mgongo. Nilikuja nikapata dada yako hataki kuja kwangu, analia, hanijui. Nyumba ilikuwa na uvundo wake na kelele zake, na hakuna mtu aliyekuwa kwa mstari. Siku nyingine nilitamani ile honi, walahi. Mfalme ni mfalme, bwana, hata wa uongo.

Lakini kukhu wako aliacha kukimbia. Baada ya mbuzi alikuwa anakaa pale nje ya jikoni, mgongo amenipa, na mimi nakaa mlangoni mgongo nimempa, tunaongea kupitia kwako. Ulipoenda shule ya bweni tukaongea kupitia kwa dada yako. Na siku moja hakukuwa na mtoto yeyote, wote wametumwa. Akakaa. Akakohoa. Akasema, "Mwambie mwenye gari maziwa yameisha." Hakuna aliyekuwa katikati, ni kuku tu. Na mimi nikainuka nikaenda kutafuta maziwa.

Sasa tuje kwako, maana chakula kinakaribia na mama yako amechungulia tena.

Mkeo Nanjala ni mkwe wangu, na vile anaogopa kuongea na mimi ni sawa na vile mimi nilivyoogopa kuongea na kukhu wako. Tangu huyo tajiri alete habari ya lori, Nanjala hajasema neno. Anaweka sufuria chini kwa nguvu tu. Unafikiri amekubali. Ulimwambia mama yako, "Nanjala hana shida." Mimi nimekaa hapa nikisikiliza hizo sufuria, na nakuambia ana shida.

Leo mchana nilikuwa kwa ng'ombe. Binti yako Nekesa akaja, akasimama, akazungusha mguu kwa vumbi. Nikamuuliza, "Nani amekutuma?"

"Mama."

"Amesema nini?"

"Amesema, kuka, umuulize baba. Akichukua lori, atakuwa anarudi nyumbani ama atakuwa anakuja kututembelea."

Mimi kuka yake, babu mzima, nikaacha kukamua. Nikamuuliza, "Amesema hivyo tu?"

"Hivyo tu," akasema. Lakini hakuniangalia. Alikuwa anaangalia ng'ombe, kwa makini sana, kama ng'ombe ana kitu kipya usoni. Nilishaona hayo macho, Simiyu. Niliyaona yakiangalia mvua pale darajani Kamukuywa. Kuna neno lingine alitumwa, na hakunipa.

Mimi siwezi kwenda kumuuliza mkwe wangu. Wewe unaweza. Ninyi hamuogopani, na kama mmeanza kuogopana basi lori halijafika na safari imeshaanza. Kwa hivyo vaa hicho kiatu cha kushoto pia, nenda jikoni, chukua kiti kidogo, umuulize Nanjala swali lililobaki ni lipi. Usimjibu haraka. Mimi niliweza kujibu haraka maisha yangu yote, na unaona faida yake.

Uliuliza mimi naonaje. Mimi naona barabara inakufaa. Unaendesha vizuri kunishinda, na ile tai ilikukaa kama kamba ya ng'ombe. Hapa shamba letu halitoshi watu wawili wazima kugombania jembe moja. Lakini hizo funguo usizishike Bungoma kabla hujamjibu Nanjala hapa jikoni. Akisema hapana, rudi ulale, tutatafuta kitu kingine, mimi nilipepea makaa na sikufa. Akisema ndiyo, nenda.

Na honi usiitafute stoo. Usimlaumu mtoto yeyote, wala mwizi wa Kiminini. Nimeitoa mimi, leo, baada ya Nekesa kuondoka, na nimeitupa chooni. Ilienda na kishindo kizuri sana, ungependa. Kama unaitaka kweli, jembe unalo, na tangu ufutwe kazi nimeona unapenda kuchimba.

Lori liache kwa Wanyonyi. Vua viatu kukiwa na matope. Ukisikia wanacheka, simama kidogo hapo nje usikilize, halafu ingia tu.

Mimi baba yako,

Mwenye gari